Simu Isizime

Mama yangu nimempigia kelele mara mbili tu tangu nizaliwe, na mara zote mbili sababu ilikuwa simu moja, ile yenye ufa kwenye kona ambayo nilimpa mwenyewe. Hasira ni zangu, sizikatai. Mama anasema nilitoka tumboni nimekunja ngumi, mkunga akauliza huyu amekuja kupigana na nani.

Mwanangu alipofikisha miezi minane nilirudi kazini. Nauza mikate kwenye duka la kuoka kule Gisimenti, naingia saa moja asubuhi na natoka saa kumi na moja jioni, na nyumba yetu iko Batsinda, kwa hiyo hesabu na safari. Mume wangu anaendesha gari la kusambaza vinywaji, hana saa ya kurudi. Mtoto abaki na nani? Mama akafunga nyumba yake ya Masaka, pembeni ya jiji, akamkabidhi jirani shamba la maharage na mparachichi wake, akaja kwetu na begi moja na cherehani. Cherehani ilikuja imefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na yeye akafuata kwa pikipiki nyingine, akimfokea dereva wa kwanza njia nzima: "Polepole, wewe! Huyo uliyembeba ni mume wangu!"

Baba alikufa zamani. Cherehani ndiyo iliyotusomesha. Kwa hiyo hakuwa anatania sana.

Alikuwa na kitochi chake cha vibonye, cha miaka mingi, namba zimefutika na yeye anabonyeza kwa kukumbuka. Kilipokufa nikampa simu yangu ya zamani, ya kupapasa. Nikamwonesha kupokea, nikamwonesha kupiga, nikaona nimemaliza. Mimi si mwalimu mzuri. Nikionesha kitu mara ya pili sauti yangu tayari imepanda.

Sasa mara ya kwanza ya kelele.

Mtoto aliamka ana joto. Nikampa dawa, nikaenda kazini moyo ukiwa nyumbani. Saa nne nikapiga: haipatikani. Saa nne na robo: haipatikani. Nilipiga huku nafunga mikate ya wateja, nikampa mzee mmoja chenji ya mtu mwingine. Kufika saa sita nilikuwa nimeshamzika mwanangu kichwani, nimeshachagua na watakaonishika mkono kaburini. Nikavua aproni, nikachukua moto, ndiyo pikipiki zetu za abiria, mpaka Batsinda, nikimwambia dereva apite popote panapopitika.

Nikawakuta nyuma ya nyumba. Mama anamenya maharage, mtoto yuko mgongoni, joto limeshuka, anatafuna ganda. Simu ilikuwa dirishani, nyeusi tii.

"Imeishiwa umuriro," mama akasema. Sisi hapa chaji tunaiita umuriro, yaani moto. "Tangu usiku. Sikujua."

Nililipuka. "Nikipiga nisikupate nijue nini? Nijue mmekufa? Sikiliza, mama. Hii simu isizime! Isizime hata kidogo! Siku nikipiga nikute imezima, mtoto simwachi hapa tena, nampeleka kulelewa na watu!"

Nyumba za Batsinda zimepakana ukuta kwa ukuta. Nilimsikia jirani anapunguza redio ili anisikie vizuri.

Mama akatikisa ungo. "Nimesikia," akasema. "Haitazima."

Miezi ikapita. Kweli, kila nilipopiga alipokea, wakati mwingine kabla mimi mwenyewe sijasikia mlio. Nikasema moyoni, unaona, kelele zinasaidia.

Kisha ikaja siku ya kliniki. Mtoto ana miaka miwili na miezi minne, muuguzi akaniuliza anasema maneno mangapi. Nikahesabu: mama, maji, hapana, na moja ambalo mume wangu anasema ni mpira na mimi nasema ni kikohozi.

"Anaangalia simu?" muuguzi akauliza.

"Haangalii."

"Una uhakika? Mchana uko naye wewe?"

Swali hilo lilinichoma mpaka nyumbani. Nikafika nikatoa amri ya pili: mtoto asione simu. Asiione kabisa. Muuguzi amesema inafunga watoto mdomo.

"Sawa," mama akasema. "Hataiona."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaingiwa na mdudu. Kazini kuna mama mmoja, yeye ndiye wa tanuri, ana binti wa sekondari. Nikamweleza. Akapangusa unga mikononi, akasema, "Sha, hiyo ni kazi ndogo. Unaweka kitu kwenye simu yake, kila Jumapili kinakutumia ripoti. Masaa mangapi imewaka, ilikuwa inafanya nini, kila kitu. Mimi binti yangu nimemkamata hivyo hivyo, anasema anasoma Biolojia, kumbe anasoma umbea."

Akanionesha. Jumamosi ya umuganda, mume wangu alipokuwa nje na jembe pamoja na mtaa mzima, nikachukua simu ya mama nikaweka kile kitu. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia naisafisha.

Akasema asante.

Jumapili iliyofuata ripoti ikaja. Nilikuwa nimekaa kitandani nakunja nguo. Vijiti saba vimesimama kwenye kioo, kimoja cha kila siku. Jumatatu, masaa tisa na nusu. Jumanne, karibu kumi. Jumatano, tisa. Na chini yake imeandikwa kilichokuwa kinatumika: video. Hakuna kingine, video tu. Na kwenye simu ile mimi najua video ni zipi. Ni katuni ambazo mume wangu aliingiza siku moja tuliposafiri kwa basi, za sungura mmoja anayeuza karoti. Sungura anaimba, karoti zinaimba, hata kikapu kinaimba.

Masaa tisa. Mwanangu haongei, na mama yangu anamkalisha na sungura masaa tisa.

Nilitoka chumbani na simu mkononi. Mama alikuwa mezani anakata gauni la mteja.

"Mama, wewe unawasha katuni?"

"Naiwasha."

Hivyo hivyo. Bila aibu, mkasi unaendelea.

"Simu inasema saa tisa!"

"Saa tisa? Inasema uongo. Saa tisa mtoto amelala, mimi natawadha."

"Si saa tisa, masaa tisa! Kutoka asubuhi mpaka jioni!"

"Ee. Tangu unapoingia kazini mpaka unapotoka." Akainua macho. "Si wewe uliyesema isizime?"

Nikaona ananicheka. Naapa, nilimwona mtu mzima ananirudishia maneno yangu usoni kama mtoto wa shule. Nikasema nilichosema. Nikasema arudi Masaka kwenye maharage yake. Nikasema karibu na kazini kuna mahali wanalea watoto, watu waliosomea, nitampeleka huko, na wao hawana sungura.

Mume wangu alitoka bafuni na sabuni sikioni. Yeye amekulia Uganda, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. "Weye, ngoja kidogo. Hii maneno iko kali sana kwa mama."

"Usiingilie!"

Mama akaweka mkasi chini. "Nimelea wanne," akasema. "Mmoja ana mdomo, lakini wote wako hai." Akalikunja lile gauni. "Nguo ya watu siwezi kuiacha imekatwa. Nikimaliza kushona naondoka. Alhamisi."

Kuanzia hapo aliongea na mimi kupitia mtoto. "Mwambie mama yako chai iko mezani." "Mwambie mama yako amesahau mwavuli." Mtoto mwenye maneno manne! Alikuwa anatuangalia, mara huyu mara yule, kama anayetazama watu wanatupiana mpira. Na mimi, mwenye kiburi kama nini, nikawa namjibu mtoto: "Mwambie bibi nimeuona." Begi la mama lilikuwa tayari karibu na mlango. Juu yake ameweka kanga iliyokunjwa, ya kufungia cherehani.

Ukweli ni kwamba sikutaka aende. Lakini pia sikutaka kushindwa. Ndiyo maana Jumatano nikaomba ruhusa ya masaa mawili tu, nikapanda moto kurudi nyumbani mchana bila kupiga simu. Nilitaka nimkute na sungura wake. Kama anaondoka Alhamisi, basi aondoke akijua kwamba nimemshika.

Sikupita mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma kama mwizi, nikasimama penye pazia la jikoni. Nikasikia sauti.

"Hiki?"

"Kifungo."

"Na hiki?"

"Kifungo kikubwa."

"Na hiki?"

"Uji."

"Siyo uji, uzi. Uji unanywewa. Sema, uzzzi."

"Uji," mtoto akarudia, kisha mama akacheka mpaka cherehani ikasimama. "Toa! Toa mdomoni! Yewe, huyu kweli anaunywa!"

Nikafungua pazia kidogo. Mtoto amekaa kwenye mkeka, bati la vifungo liko mapajani, uzi mwekundu unaning'inia mdomoni. Kifungo kikubwa. Mwanangu amesema maneno mawili yaliyofuatana, na mimi nimesimama jikoni kwangu nimejificha.

Simu sikuiona. Niliitafuta kwa macho mpaka nikaona kwenye rafu ya juu, nyuma ya kopo la majani ya chai, kitu kimefunikwa kwa kipande cha kitenge. Pembeni ya kitambaa ukuta ulikuwa unabadilika rangi. Kijani. Njano. Kijani tena.

Mama akainuka kwenye kiti, akashika kiuno, akaenda kwenye rafu. Akafunua kitambaa kama mtu anayefunua mkaa aone kama kuna kaa hai. Akachungulia nyuma. Akabonyeza, akaigeuza tena uso ukutani, akafunika.

"Bado inawaka," akamwambia mtoto, akarudi kwenye cherehani.

Nilipoingia alishtuka, na mkono wake ulikwenda kwanza kwa mtoto.

"Umemfuata leo? Tulisema Alhamisi."

"Mama. Ile simu, kwa nini inaangalia ukuta?"

"Si ulisema mtoto asiione?"

"Na kwa nini inawaka?"

"Si ulisema isizime?"

Safari hii niliyasikia maneno yenyewe. Alikuwa anaongea na mimi kwa upole ule aliokuwa anawawekea wanafunzi wake wa ushonaji kule Masaka, wale wagumu.

"Hii simu yako ina tabia mbaya," akasema. "Ukiiacha nusu dakika, uso wote unakuwa mweusi, imezima. Kitochi changu hakikuwa hivyo. Kile taa ilikuwa inakufa lakini maandishi unayaona, unajua kiko hai. Hii inazima yote. Na siku ile mtoto alipokuwa na joto ilikuwa nyeusi hivi hivi, ukaja hapa na mapovu mdomoni. Nikasema haitanikuta tena. Kwanza nilikuwa naigusa gusa, lakini utashona saa ngapi ukiwa unagusa simu? Nikatafuta kitu cha kuiweka macho. Picha hazikuweza. Tochi haikuweza. Ni huyu sungura tu. Akiimba, haizimi. Asubuhi naichomeka kwenye umeme, nampunguza sauti, namgeuzia ukutani, ananisubiria simu yako."

Nilikaa sakafuni, kwenye vifungo. Sungura aliimba hapa Batsinda masaa tisa kwa siku, miezi, na sasa anauimbia ukuta, ili mimi nikipiga nisikute haipatikani.

"Mama," nikasema, "ikiwa nyeusi haijazima. Imelala tu. Ukipigiwa inaamka."

"Imelala."

"Ee."

"Na siku ile?"

"Siku ile ilikuwa imekufa kweli."

"Na sura yake?"

"Ni ileile."

"Sasa mtu anajuaje?"

Nikaenda kwenye rafu nikaishusha simu.

Nikamtoa sungura. Nikaiacha simu mpaka ikawa nyeusi, nikamwekea mama kiganjani. "Ishike. Usiiguse." Nikatoka nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, nikapiga.

Alipiga ukelele huo! Mtoto naye akapiga ukelele kwa kumfuata, nikasikia bati la vifungo likimwagika.

"Alo? Alo!"

"Mama, ni mimi."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Mbona unasikika kama uko mbali?"

Nilikuwa namsikia mara mbili, sikioni na dirishani. Na sijui kwa nini, kwa sababu alikuwa hatua sita kutoka kwangu, lakini kwenye simu maneno yakakubali kutoka. "Mama, nisamehe. Usiende."

"Nani anaongea?"

"Mimi, mwanao."

"Mwanangu haombi msamaha. Hii simu imeharibika." Akakata.

Niliporudi ndani alikuwa anaokota vifungo, hataki nione uso. Mtoto anamsaidia, kila kifungo anakitaja. Nikapiga magoti nikaokota nao. Tulikuwa karibu kumaliza ndipo akasema, "Hebu nioneshe hiyo ripoti iliyonisema."

Nikamwonesha.

"Hivi vijiti ndio mimi?"

"Ndio wewe."

"Vinasema nilimwogesha?"

"Hapana."

"Vinasema alikula mbogamboga zote na akaomba nyingine?"

"Hapana, mama."

"Nilipomfundisha kifungo?"

"Hapana."

"Shahidi gani huyu?" akasema. "Anajua taa tu." Akanirudishia. "Na siku ile uliposema unasafisha simu, ulikuwa unamweka yeye."

"Ndiyo."

"Nikakwambia asante."

"Ndiyo."

Kisha akasema atabaki, lakini kwa sharti. Nilidhani atasema nikitoe kile kitu kwenye simu yake. Wapi! Alitaka niweke na kwenye yangu. "Ripoti yako ije kwangu. Tutazamane."

Jioni ile nikaweka. Mume wangu aliposimuliwa alicheka mpaka akashika meza. "Mama, wewe iko polisi sasa!" Mama akamjibu kwamba na yeye asubiri, zamu yake inakuja. Mume wangu akaitia simu yake mfukoni.

Sasa Jumapili kwetu imekuwa siku ya mahakama. Baada ya chai mama anavaa miwani, anavuta futi yake ya kupimia nguo kutoka shingoni, anaiweka kwenye kioo cha simu. Anaanza na zake. "Nusu sentimita. Nusu. Hapa hata haishikiki." Kisha anafungua zangu, anavuta pumzi kama fundi aliyeletewa mteja mnene.

"Jumatatu, mbili na nusu. Jumanne, tatu. Tatu, jamani! Huu ni upindo wa suruali. Alhamisi… Alhamisi tuongeze kitambaa."

"Mama, ni kazi."

"Kazi? Mikate inakuandikia?"

Jumapili iliyopita aligundua kwamba ukigusa kijiti kinafunguka, kinakuonesha na saa zenyewe. Akawa anapitisha kidole, siku baada ya siku, na nikaona amepunguza utani. Akavua miwani.

"Unafika nyumbani saa kumi na mbili," akasema. "Mtoto analala saa mbili. Ona hapa. Kumi na mbili mpaka mbili. Na hapa. Na hapa."

Hakuongeza neno. Angeongeza ningekasirika, na ningejitetea, na ningeshinda, maana kwa mdomo mimi hushinda. Alikunja futi akaenda jikoni kuosha vikombe.

Niliangalia vile vijiti vyangu. Saa zile ndizo nilizokuwa naketi kitandani nikisoma simu, wakati mwingine nikitafuta kwa nini watoto wanachelewa kuongea. Mtoto wangu alikuwa anasimama hapohapo kwenye goti, na kifungo mkononi. Nakumbuka goti likiguswa. Nakumbuka nasema, "Subiri kidogo."

Na hapo alikuwa amesimama tena. Ana uzi mweupe, ameuzungusha kidole mpaka kimekuwa chekundu.

"Mama. Uji."

Niliinuka nikaiweka simu kwenye rafu, nyuma ya kopo la majani ya chai, uso ukutani. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kumfungua kidole. "Uzi," nikamwambia. "Zzz."

"Uji," akasema, kwa hasira, kwa sababu ni damu yangu.

Mama akauliza kutoka jikoni, maji yakiwa yanatiririka: "Umeizima au imelala?"

"Imelala, mama."

"Hakikisha."